Jina la Mahali ni la Nani?

Msomaji, ukitoka Eldoret ukashika njia ya Kitale, gari halitakwenda saa nzima kabla hujafika Soy. Ni mji mdogo wa njiani: maduka, kituo cha magari, mashamba ya mahindi na ngano pande zote, na ng'ombe wa maziwa wavukao barabara kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa. Ukimwuliza mwenyeji maana ya jina Soy, atakuambia kuwa ni neno la Kikalenjin litajalo nchi ya chini iliyo tambarare, isiyo ya milima wala misitu. Jina hilo halisemi uwongo. Simama pale utazame huku na huku, utaona nchi imejilaza kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni. Kitu kipo na jina lipo, na kila kimoja ni shahidi wa mwenzake.

Lakini mambo hayakai hivyo siku zote. Mpaka miaka ya 1970 palikuwa na shamba kubwa la mifugo karibu na Soy, lenye eneo la ekari 18,000 hivi, na ndani yake waliishi twiga wa aina ya Rothschild, ambao miguu yao haina madoa kutoka gotini kwenda chini, hata mtu hudhani wamevaa soksi nyeupe. Shamba lilipokuwa likigawanywa ili watu wapate pa kulima, twiga walikosa pa kukaa. Baadhi yao walihamishiwa Ziwa Nakuru. Na mwaka 1974 mtoto wa twiga alichukuliwa akapelekwa Langata, Nairobi, akalelewa nyumbani kwa Jock na Betty Leslie-Melville. Leo watu wa kila taifa huenda Langata kulisha twiga kwa mikono yao, wakacheka wakilambwa viganja. Ni wachache wajuao kuwa habari ile ilianzia Soy. Jina lilibaki uwandani. Kilichokuwa fahari ya uwanda kiliondoka bila ya jina.

Haya yananileta kwenye swali nililokusudia tulifikiri pamoja. Jina la mahali ni la nani? Ni la kitu kilichoitwa, ama la mtu aliyekiita, ama la mtu alitamkaye leo, ama la mtu aishiye pale? Na mtu alitumiaye jina pasipo kujua asili yake, je, anatenda kosa? Nitalijadili kwa njia ya mzunguko, nikianza na ngoma. Katika ngoma swali hili haliumi, na jambo lisipouma mtu huweza kulitazama usoni bila ya kupepesa macho. Halafu tutarudi Uasin Gishu, ambako linauma.

Kaskazini ya Uskoti una mto uitwao Spey, wenye maji ya baridi na ya kasi. Watu wa bonde lake ni mafundi wa fidla, zeze la nyuzi nne lishikwalo chini ya kidevu na kupigwa kwa upinde. Wana ngoma yao ya mwendo wa haraka iitwayo rili, ambayo wachezaji hupishana na kurudiana kama miyaa katika ukili wa mkeka. Kabla ya rili huja ngoma nyingine ya mwendo wa kujizuia na wa mikatomikato, nayo imepewa jina la bonde lenyewe, Strathspey. Mbili hizi huandamana kama ndugu mkubwa na ndugu mdogo: mkubwa hutangulia kwa heshima, mdogo hufuata mbio.

Fundi mmoja wa ngoma hizo alikuwa William Marshall, aliyezaliwa mwaka 1748 katika mji wa Fochabers na kufariki mwaka 1833. Kazi yake ya kula ilikuwa kumtumikia bwana mkubwa wa nchi ile, Duke wa Gordon. Tena alijua kutengeneza saa. Muziki ulikuwa kazi ya mapumziko yake, na hata hivyo mshairi Robert Burns alimhesabu kuwa wa kwanza katika watungaji wa namna hiyo wa zama zake. Miongoni mwa lahani zake imo moja iitwayo Craigellachie Brig, maana yake Daraja la Craigellachie.

Daraja hilo si la ndoto. Lilijengwa kati ya 1812 na 1814 kwa mpango wa mhandisi Thomas Telford. Ni tao moja la chuma cha kusubu, lirukalo mto kwa mita 46 hivi bila ya nguzo katikati, na kila mwisho una minara miwili ya mawe kama ya ngome. Chuma chake kilisubiwa mbali, katika nchi ya Wales. Mwaka 1829 Spey ilifurika mafuriko ambayo watu wa kule hawajayasahau hata leo. Maji yalichukua nyumba, mashamba na madaraja mengi ya mawe. Daraja la chuma likasimama. Marshall alikuwa mzee wakati ule, naye aliishi miaka yake ya mwisho karibu na daraja hilo. Tangu 1972 magari hupita daraja jipya, na lile la Telford limeachiwa wapitao kwa miguu.

Sasa tazama jinsi jina lilivyopanda ngazi. Katika lugha ya kale ya Waskoti, Craigellachie ni jina la mwamba. Mwamba ukalipa daraja jina, daraja likaipa lahani jina. Kisha jina hilohilo lilipanda chombo likavuka bahari. Tarehe 7 Novemba 1885, katika milima ya magharibi ya Kanada, ulipigiliwa msumari wa mwisho wa reli iliyounganisha nchi ile mashariki na magharibi. Wakubwa wawili wa kampuni ya reli walikuwa wana wa pande zile za Spey, na mahali pale pakaitwa Craigellachie. Mwamba wenyewe haukuhama hata shibri moja.

Tuseme yupo kijana katika Kanada, fundi wa fidla, ambaye hajapata kuiona Uskoti na hajui kama Craigellachie ni mwamba, ni daraja, ama ni jina la bibi wa mtu. Usiku wa harusi anaipiga lahani ya Marshall vizuri kabisa. Wazee wanainuka vitini, wasichana wanavua viatu. Je, amesema uwongo?

Wako watakaosema kuwa jina la lahani ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya chupa ya dawa: hubandikwa ili isichanganywe na nyingine, na mgonjwa hainywi karatasi. Kijana amepiga sauti zote mahali pake, basi hadaiwi kitu. Wako wengine watakaosema kuwa jina ni ushahidi. Mtungaji alisimama mahali fulani, akaona kitu fulani, akataka tujue kuwa alikiona. Anayepiga bila kujua ni kama mtu achukuaye barua asiyoweza kuisoma. Barua itafika, lakini yeye mwenyewe hakupelekewa neno.

Mimi nakubali nusu ya kila upande, na sababu yangu ni hii. Watu hupenda kudai kuwa wanasikia umbo la daraja katika lahani ile, kupanda kwake na kushuka kwake. Sidhani kuwa kuna mtu aliyesikia daraja lolote kabla ya kuambiwa jina. Lakini akishaambiwa, hawezi tena kulikosa. Jina limeingia sikioni na kubadili kilichokuwamo. Kwa hiyo jina si karatasi ya chupa. Hufanya kazi ndani ya msikilizaji. Walakini ni kweli pia kuwa kijana wa Kanada hakumdhulumu mtu. Hakusema, "Lahani hii ni yangu kwa kuwa nalijua jina lake," wala hakumfukuza mtu katika uwanja wa ngoma kwa kuwa hakulijua. Alipokea, akapiga, akapitisha mbele.

Huenda ukasema, msomaji, kuwa Spey ni mbali na chuma chake hakituhusu. Basi turudi nyumbani, kwa Wakipsigis, jamaa za Wanandi kwa lugha na desturi.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya Kericho, mtu mmoja aliyeitwa Hugh Tracey, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika akikusanya muziki wa wenyeji. Pale aliwasikia wasichana wakiimba wimbo mwororo, ukiandamana na kinubi cha Kikipsigis, juu ya mtu aliyeitwa Chemirocha. Mtu huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, mzaliwa wa Mississippi, aliyefariki mwaka 1933 kwa ugonjwa wa kifua. Sauti yake ilikuwa imefika katika nchi ya Wakipsigis kwa santuri, juu ya gramafoni za wageni. Watu walisikia gitaa, wakasikia sauti yake ikipinduka kwa ghafula kutoka chini kwenda juu kama ya mchungaji aitaye ng'ombe ng'ambo ya bonde, na jina lake likageuka katika vinywa vyao likawa Chemirocha. Tracey aliandika kuwa kwa wasichana wale Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Hata ikawa kwa baadhi ya watu neno hilo ni jina la kila kitu kigeni cha kushangaza.

Wapo waliowacheka wasichana wale. Wazungu waliosikia kisa hiki walikifanya kichekesho cha watu wasiojua mambo. Nami nauliza: wao walijua nini zaidi? Msikilizaji wa London aliyenunua santuri ya Jimmie Rodgers alijua sura yake kwa picha ya karatasi na maisha yake kwa maneno ya mfanyabiashara. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na picha wala maneno. Walikuwa na sauti peke yake, sauti itokayo katika sanduku pasipo mwili. Walifanya alichofanya kila mtu mwenye akili tangu zamani: walimpa mgeni mwili ambao sauti yake ilistahili, wakamtafutia mahali katika ngoma yao. Nadhani hakuna mji wowote duniani ambao mwimbaji yule alikaribishwa vizuri kuliko hapo, ijapokuwa hakupata kujua, maana alikwisha kufa.

Baada ya miaka zaidi ya 60 sauti zile zilirudishwa katika nchi ya Kericho kutoka maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha huko Afrika ya Kusini mwaka 1954. Waliokuwa vijana siku ile walikuwa wazee, nao walijisikia wakiimba. Angalia hapo: hata jina Chemirocha liliondoka nyumbani, likazunguka dunia katika santuri za Tracey, likarudi. Je, ni la nani sasa? Mississippi haiwezi kulidai, kwa kuwa Mississippi haina mtu aitwaye Chemirocha. Wakipsigis hawawezi kusema kuwa walilitoa katika hewa tupu. Nionavyo mimi, ni la wote waliolibeba, na kila mmoja analo deni kwa aliyemtangulia.

Vivyo hivyo watu wa Kiambu walisikia neno Scot kutoka kwa wamisionari wa Uskoti waliojenga kwao, wakalitia katika ulimi wao, na mahali pale pakawa Thogoto. Mgeni akishuka garini Thogoto leo hasikii Uskoti hata kidogo. Lakini imo.

Mpaka hapa tumekuwa ugenini au ngomani, na tumeweza kutabasamu. Sasa twende katika jina la nchi ambayo Soy imo ndani yake.

Uasin Gishu ni jina la Kimaasai. Lilikuwa jina la watu, fungu mojawapo la Wamaasai, waliolisha ng'ombe wao katika uwanda huu. Katika karne ya 19 walipigana na Wamaasai wenzao, wakapigana na Wanandi pia, wakashindwa na kutawanyika. Wanandi wakalisha katika nyasi zilezile. Na kabla ya hao wote masimulizi yanataja Wasirikwa, ambao mashimo ya mazizi yao bado yanaonekana katika nchi za magharibi ya Kenya, yakiwa vidimbwi vya nyasi ambamo mbuzi hujificha upepo. Hata jina Sirikwa tumelipata kwa vinywa vya waliowafuata.

Kisha ukaja utawala wa Waingereza, na Wanandi wakaupinga kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905. Miaka miwili kabla ya mauaji hayo, yaani 1903, wakubwa wa London walikuwa wamekwisha kuwaahidi Wayahudi walioteswa Ulaya kuwa watapewa uwanda huu uwe maskani yao. Wajumbe walikuja kuutazama, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa zawadi ile. Mwaka 1908 lilifika kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, likiongozwa na Jansen van Rensburg. Mpimaji ardhi aliikata nchi vipande vipande juu ya karatasi, na kila kipande akakitia namba. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na mji ukaanza kukua pale ukiwa hauna jina ila namba hiyo.

Namba ile, msomaji, ilitenda neno baya kuliko jina lolote la kigeni. Jina, hata likiwa la uwongo, hukiri kuwa mahali pana sura. Namba husema kuwa hapakuwa na kitu: hapakuwa na malisho yenye jina, wala kivuko chenye jina, wala kaburi lenye jina, palikuwa na karatasi nyeupe, na mpimaji akaanza kuhesabu. Mtu akitaka kuchukua mali ya mwenziwe bila ya kusutwa na moyo, kwanza hukiondolea kitu jina.

Lakini watu walifanya nini na namba hiyo? Waliisikia ikitajwa kwa Kiingereza, siksti foo, wakaitia katika vinywa vyao, ikatoka Sisibo. Mpaka leo wazee wakikuambia kuwa wanakwenda Sisibo, maana yao ni Eldoret. Nalifurahia neno hili kila nilisikiapo. Walionyang'anywa nchi waliinyang'anya namba ukavu wake, wakaifanya jina la mahali pa kuuzia maziwa na kununulia sukari. Na jina Eldoret lenyewe, lililotiwa rasmi mwaka 1912, lina asili ya neno la Kimaasai la mto wenye mawe, likavikwa mwisho wa Kinandi. Watu wawili waliokuwa wakichukuliana ng'ombe kwa mikuki wamelazwa kitanda kimoja ndani ya neno moja, na wala hawagombani.

Mtu angedhani kuwa nchi yenye majina ya namna hii haiwezi kuwa na watu wa kugombea majina. Haikuwa hivyo. Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa. Walinunua wenyeji, na walinunua watu waliotoka mbali, wengine kwa kuchanga fedha katika vyama. Wakulima wa Kikuyu waliotoka Kiambu walifika na jina la kwao, kama walivyofanya Waskoti huko Kanada, na karibu na Eldoret pakawa na mahali paitwapo Kiambaa, kama ile Kiambaa ya Kiambu. Wengi wa wenyeji wakaona kuwa nchi waliyonyang'anywa na Mzungu haikurudi mikononi mwao bali ilipita juu ya vichwa vyao. Uchungu huo haukuwa wa kubuni. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta fujo, watu wa Kiambaa walikimbilia kanisani. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto nao wakiwa ndani. Wengi walikufa, wakiwamo wanawake na watoto.

Sitaki kusema kuwa jina liliwasha moto ule. Ulikuwa na sababu za siasa na za ardhi, na vitabu vizima vimeandikwa juu yake. Lakini jina lilikuwa kuni mojawapo. Siku zile neno mgeni lilitamkwa kwa namna ya kutisha, na jina la mahali likawa hoja: hili si jina la hapa, basi nyinyi si wa hapa. Kwa hiyo nakuomba tuipime hoja hiyo kwa utulivu, kama tulivyompima yule kijana wa fidla.

Ikiwa jina la kigeni ni ushahidi kuwa mkaaji hana haki, basi ni nani mwenye haki katika Uasin Gishu? Jina la kaunti yote ni la watu walioshindwa na kutawanywa. Likiwa hati ya kumiliki, hati hiyo ina jina la mwingine. Si Mkalenjin, wala Mkikuyu, wala Mluhya, wala mtu mwingine yeyote akaaye pale leo awezaye kuishika mbele ya hakimu bila ya kuulizwa: na hawa waliotajwa humu, wako wapi? Hoja ya jina ni kisu chenye makali pande mbili na hakina mpini. Kila akishikaye hujikata.

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu la kupuuzwa. Utaambiwa: "Ni rahisi kwako kusema kuwa majina hayathibitishi kitu. Hayo ndiyo aliyoyasema mpimaji. Babu zetu walikuwa na jina kwa kila kijito, naye akayafuta. Nasi tukiyataja leo, unatuambia kuwa majina ni upepo." Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mrefu sikuwa na jibu lake. Hata sasa ninalo jibu la nusu tu. Naona kuwa kuna kulitaja jina ili jambo lililofichwa lijulikane, na kuna kulitaja jina ili mtu afukuzwe. Mzee anayesema, "Kijito hiki kiliitwa hivi kabla ya shamba namba fulani, na ng'ombe wa baba yangu walinywa hapa," anatoa ushahidi, na jirani yake, awe ametoka Kiambu au Kakamega, ana wajibu wa kuketi na kumsikiliza mpaka mwisho, hata kama habari yenyewe inamkosesha raha. Lakini mzee huyohuyo akisema, "Kwa hiyo ondoka," ameruka kutoka jambo moja hadi jingine, na kati yake hakuna daraja. Aliyenyang'anywa anastahili haki, na haki ina njia zake: mahakama, hati, fidia, na mazungumzo marefu yasiyopendeza. Jina linaweza kufungua mazungumzo hayo, wala haliwezi kuyamaliza.

Na upande wa pili, aliyenunua shamba kwa jasho lake hana budi kuuliza lilikuwa nani na nini kabla ya kuwa lake. Hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi kuliko nilivyokuwa kwa kijana wa fidla. Yeye alikuwa hajui, na hakuna aliyemwambia. Mtu wa Uasin Gishu hukaa juu ya majina haya mchana na usiku. Anayaona juu ya vibao vya barabara na juu ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kutokujua kwake si bahati mbaya kama kule kwa wasichana wa Kapkatet, ambao wangeulizia habari za Jimmie Rodgers kama angekuwapo wa kuulizwa. Yeye anao wa kuwauliza. Wamekaa ng'ambo ya ua wa miti.

Katika darasa moja la shule yoyote ya wilaya zile hukosi watoto wa makabila manne au matano. Mwalimu akiwapa kazi moja tu, kila mtoto arudi nyumbani kuuliza kijito kilicho karibu kiliitwaje zamani na ni nani aliyekiita, nadhani Jumatatu darasa hilo litakuwa na kelele. Watakuja na majina matatu ya kijito kimoja. Mmoja atasema baba yake alikasirika kuulizwa. Mwingine atasema nyanya yake alilia. Sina hakika kuwa mwalimu atalala vizuri usiku ule. Ningependa hata hivyo kuketi nyuma ya darasa hilo.

Mtoto aliyezaliwa Kiambaa mwezi ule wa Januari 2008 anaweza kuwa wa umri wako, msomaji, au mkubwa kwako kidogo tu. Yamkini mmepata kukaa dawati moja. Juu ya jalada la daftari lake aliandika jina lake, chini yake jina la shule, na chini yake Uasin Gishu, neno la Kimaasai, kwa wino uleule aliokuazima wewe uandike lako.